Gari Lenye Uti wa Mgongo

"Himid, mara ya mwisho nakuuliza kwa upole. Hiki kidude ni cha kazi gani?"

Placida Komba alikisogeza mezani kwa ncha ya kidole. Kilikuwa kama kalamu nene, na mkia wa waya mweusi, na mdomoni kina sindano ya chuma ambayo ukiwasha umeme inatetemeka na kukwaruza chochote inachokigusa.

"Cha kuchorea," alisema Himid.

"Kuchorea nini?"

"Vitu tu, Bi Placida."

"Vitu tu! Mtu mzima, una mke na watoto wawili, unaficha kidude ndani ya soksi kwenye kabati la kazini, halafu unaniambia vitu tu. Mimi umeniona mtoto?"

Himid aliinamisha kichwa. Treni ilipita juu yao, vikombe vikagongana kwenye rafu. Ofisi ilikuwa kijichumba nyuma ya gereji, chini ya matao ya reli pale Peckham, na kila baada ya dakika chache chumba kizima kilitetemeka kama mtu mwenye homa. Placida alikuwa humo tangu saa tatu, goti lake likicheza chini ya meza bila kumwomba ruhusa. Alikuwa amefanya upelelezi wa polisi Dar es Salaam miaka kumi na miwili, na miaka minane hapa London alikuwa akichunguza madai kwa niaba ya kampuni ya bima, na mwongo alikuwa akimjua hata akiwa amegeuka. Huyu Himid Makame alikuwa anaongopa, hilo halikuwa na mjadala. Lakini sura ya mwizi hakuwa nayo, na jambo hilo ndilo lililokuwa likimnyima Placida raha.

Mlangoni alisimama Konstebo Njeri, binti wa Kikenya aliyezaliwa Lewisham. Kila neno la Kiswahili alilisikia na kulielewa, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku. Alitazama saa yake, akasema kwa Kiingereza chake cha kusini mwa London kwamba saa kumi jioni atarudi na mlalamikaji. Kama hakuna jipya, atamchukua Himid kituoni.

Akatoka. Ilikuwa saa nne na robo.

"Umemsikia?" Placida aliuliza.

"Nimemsikia."

"Na kiapo chako cha uraia ni lini?"

"Wiki mbili zijazo, Alhamisi. Miaka tisa nimesubiri, Bi Placida. Mke wangu keshanunua kitenge."

"Ukiingia kituoni leo na kesi ya wizi, hicho kitenge atakivaa kwenye harusi ya jirani. Sema basi! Unamficha nani?"

"Simfichi mtu. Gari sikuliiba. Wallahi sikuliiba." Placida akaona macho yake yakikimbilia kile kidude, kisha yakahama haraka kama yaliyoguswa na moto.

Kisa chenyewe kilikuwa kama ifuatavyo. Gereji hii ilihifadhi magari ya kale ya watu wenye nafasi, na Himid alikuwa mlinzi wake na msafishaji. Mwezi Machi, bwana mmoja Mkenya aitwaye Douglas Mutiso alileta gari lake: Corvette Sting Ray ya mwaka 1963, rangi ya fedha, gari la michezo la Kimarekani, lile ambalo kioo chake cha nyuma kimegawanywa katikati na mfupa unaoshuka kutoka paani. Mwezi Juni alilitoa siku moja kwenda kwenye maonyesho, akapigwa picha, akalirudisha. Mwanzoni mwa Oktoba akaja mkaguzi kutoka Marekani kulikagua gari ili lipewe cheti cha uhalisi. Wanachama tisa wa klabu ya magari hayo walikuwa wamesimama hapo, chai mkononi, kumshangilia mwenyekiti wao mtarajiwa. Mkaguzi alilala chini, akatazama, akasimama, akafuta mikono. Akasema hili ni gari la 1964 lililofanyiwa ufundi lifanane na la 1963.

Douglas Mutiso aling'aka pale pale, mbele ya watu wote: "Basi limebadilishwa! Wameniibia langu, wameniwekea feki!"

Na nani aliyekuwa na funguo? Himid. Nani alikuwa zamu ile wikiendi ya Agosti kamera zilipozimika kwa saa sita? Himid. Kabati la nani lilikutwa na kalamu ya umeme ya kuchorea vyuma? La Himid. Ukiyapanga hivyo, hata mama yake mzazi angemfunga.

Placida alitoka kwenda kulitazama gari kwa mara ya nne. Lilikaa mwisho wa gereji chini ya taa, limejikunja kwa kujisikia. Alipiga magoti upande wa abiria, akamulika chini ya kisanduku cha dashibodi ambako kibao cha namba kimepigiliwa. Akazunguka nyuma, akautazama ule uti wa mgongo kati ya vioo viwili. Akatoa kwenye bahasha picha ya Juni aliyoleta Douglas mwenyewe kama ushahidi wa gari lake halisi. Douglas amesimama kwa tabasamu kwenye jua, mkono juu ya paa, na nyuma ya kiwiko chake kioo kile kile cha vipande viwili. Kwenye picha palikuwa na unywele. Placida aliupuliza, ukagoma. Akairudisha picha kwenye bahasha.

Magari mawili, au gari moja? Swali zima lilikuwa hapo. Kama gari lililoingia Machi ndilo hili lililopo leo, basi hakuna kilichobadilishwa, na Himid yuko huru. Kama Placida hawezi kulithibitisha hilo kabla ya saa kumi, basi Himid anakwenda kituoni.

Akachukua koti, akakimbilia treni.

* * *

Hitesh alikuwa na karakana Tooting, nyuma ya duka la vitambaa. Alikuwa Mhindi wa Kisumu, umri wake sabini na ushee, na vidole vyake vilikuwa vimeliwa na faibaglasi miaka hamsini hadi alama za ncha zikafutika. Kampuni ya bima ilimtumia kama mtaalamu wa bodi za magari. Juzi alikwenda Peckham kulipima gari, na leo alikuwa na majibu, lakini kumpa mtu majibu bila hotuba hakuweza.

"Kaa, mama. Kunywa chai."

"Mzee Hitesh, sina muda wa chai. Nina mpaka saa kumi."

"Huwezi kuelewa feki kama hujui original. Kaa."

Placida akakaa, goti likaanza tena.

"Hii gari," alisema Hitesh, akipapasa hewa kana kwamba ipo mbele yake, "ilizaliwa mwaka wa hamsini na tatu. Mwaka wa kwanza walitengeneza mia tatu tu, kwa mkono. Zote nyeupe, ndani nyekundu. Bodi si chuma, ni faibaglasi. Ukiweka sumaku, inaanguka. Dunia ilishangaa! Lakini injini, wacha tu. Silinda sita, gia mbili. Sura ya simba, roho ya mbuzi. Watu wakacheka, kampuni karibu iizike."

"Nani aliiokoa?"

"Mhamiaji, kama mimi na wewe. Mhandisi mmoja, wazazi wake Warusi, yeye amezaliwa Ubelgiji, vita imemfukuza Ulaya. Aliona hii gari kwenye maonyesho New York, akaandikia kampuni barua. Wakampa kazi. Hamsini na tano wakaipa injini ya V8, na yeye akaifundisha kukimbia. Baadaye hata wale wa kwenda mwezini wakawa wanaendesha hii. Tangu hapo kila gari ya michezo ya Amerika inapimwa kwa hii, bana. Babangu alikuwa na picha yake kwenye ukuta wa gereji Kisumu. Sikuwahi kuona yenyewe mpaka nimefika hapa na mvi."

"Na uti wa mgongo?"

"Ah! Sitini na tatu. Mkuu wa usanifu alipenda ule mstari upite kutoka mbele mpaka mkia. Yule mhandisi akasema, huoni nyuma, wewe, utaua watu! Wakagombana kabisa. Msanifu akashinda mwaka mmoja. Sitini na nne wakaondoa, kioo kikawa kimoja." Hitesh alianza kucheka peke yake, kifua kikikoroma. "Sasa sikia ujinga wa binadamu. Wenye sitini na tatu wakaona gari yao imezeeka, wakachukua msumeno, wakakata mgongo, wakaweka kioo kimoja ndio ikae mpya! Miaka ikaenda, mgongo ukawa dhahabu. Wajanja wakachukua sitini na nne, wakabandika mgongo. Hii ya Peckham ni hiyo."

"Una hakika?"

"Nimeingiza kioo cha daktari wa meno ndani, nimeona gundi. Imegeuka rangi ya chai. Hii kazi ina miaka ishirini, labda zaidi."

Placida alivuta kiti mbele. "Kwa hiyo hakuifanya Himid."

"Yule mlinzi? Yule hawezi kubandika hata stempu."

"Lakini Mutiso atasema feki ni ya zamani, sawa, Himid na wenzake waliinunua mahali wakaja kubadilisha. Gundi haimtoi." Aliiweka kalamu ya umeme mezani, ikiwa kwenye mfuko wa plastiki wa ushahidi. "Na hii? Polisi wanasema alichorea namba ya uongo kwenye kibao."

Hitesh aliitazama kwa dharau. "Namba ya kiwandani inapigwa na stempu, inaingia ndani ya chuma. Hii inaparuza juu juu kama kuku. Hapana. Ukiniuliza, hii ni ya kuandikia kioo."

"Kioo?"

"Kioo, vikombe, zawadi za harusi. Kwani anauza zawadi?"

Placida alitoa picha ya Juni, akaitandaza mbele ya mzee. "Ungeniambia kwa picha hii kama ni gari lile lile?"

Hitesh alisogeza miwani. "Kwa picha? Feki nzuri na original ni mapacha, mama. Pangusa kwanza, kuna unywele hapa."

"Hautoki. Nimejaribu."

"Basi uko kwenye lensi." Akamrudishia. "Pole. Nimekupa historia yote, jibu sina."

Placida aliaga akiwa ameshafika mlangoni. Ndani ya basi la kurudi alikosa kiti, akashikilia bomba na kuhesabu vituo, na kila taa nyekundu aliitukana kimoyomoyo. Kioo. Mlinzi wa magari anaandika nini kwenye kioo, na kwa nini akifiche kifaa kwenye soksi? Saa nane na dakika ishirini.

* * *

Mvua ilimkuta akishuka basi. Himid alikuwa amekatazwa kuingia gereji, kwa hiyo alikaa nje ndani ya Toyota yake kuukuu, mikono juu ya usukani, ameduwaa. Alipomwona Placida analowa, alimfungulia mlango.

"Ingia, Bi Placida. Utapata mafua."

Placida aliingia, akafunga mlango, akakung'uta nywele. Alikuwa amepanga kumfokea, tena vizuri. Lakini alipogeuka kumtazama, jicho lake lilipita kwenye kioo cha pembeni, na likarudi.

Chini ya kile kioo cha pembeni, kwa maandishi madogo meupe, palikuwa pameandikwa namba ya gari. Akatazama kioo cha mlango wake, namba. Kioo cha mbele, kwenye kona, namba. Akafungua mlango tena, akashuka mvuani, akainama mbele ya gari. Taa ya kulia, namba. Taa ya kushoto, namba.

Looh! Placida alisimama pale akicheka na maji yakimtiririka shingoni. Mara ya mwisho kuona kitu hiki alikuwa Dar. Yeye mwenyewe aliwahi kuamka asubuhi akakuta gari lake halina vioo vya pembeni, akaenda kwenye mtaa wa spea, akauziwa vyake mwenyewe, na muuzaji akamwambia kwa huruma, dada, safari hii viandike namba. Akaviandika. Nani Dar ana gari asiloandika namba kwenye vioo na taa? Unanunua gari leo, kesho fundi yuko nje na kalamu yake ya umeme. Hapa London hakuna aliyemtazama Himid akawaza hivyo. Hata yeye. Miaka minane tu, na akili ilishaanza kuvaa koti la kizungu.

Akarudi ndani ya gari, maji yakichuruzika kwenye kiti.

"Ulikaa Dar, Himid?"

"Miaka saba. Ilala. Kabla sijaja huku."

"Gari la Douglas Mutiso ulilichora wapi?"

Uso wa Himid ukaanguka wote kwa mara moja. Akafunika macho kwa viganja.

"Wataniua, Bi Placida."

"Nani atakuua?"

"Gari la kale haliguswi! Tumesaini karatasi. Ukilikwaruza gari la mteja umefukuzwa, na polisi juu. Ndiyo maana sikusema. Nilisema nikitaja ile kalamu nimejimaliza mwenyewe."

"Sasa umejimaliza bila kuitaja. Niambie. Tangu mwanzo, na usiruke."

Akasema. Ile wiki gari lilipokuja, Machi, kulikuwa na vijana waliovunja gereji ya jirani wakang'oa vioo na taa kwenye gari la mzee mmoja. Himid hakulala siku mbili. Alikuwa amelipenda lile gari. Alilifuta kila siku hata kama halina vumbi. Alimwambia mkewe limefanana na taa, yule samaki mpana wa kwao mwenye mwiba mkiani. Akasema moyoni, likiibwa kioo hata kimoja nitajibu nini? Akanunua kalamu. Kumwomba mwenye gari akaona ni kujisumbua, kwa sababu alidhani kila mtu analifanya hili, tena la heri.

"Nikaandika namba kwenye kioo cha nyuma cha kushoto. Chini kabisa, karibu na ule mfupa wa katikati. Ndogo hivi, kama punje za mchele. Nilikuwa namalizia tarakimu ya mwisho, na treni ikapita." Aliinua mkono wake wa kulia, akautazama kama wa mtu mwingine. "Gereji yote ikatikisika. Mkono ukateleza. Sindano ikatoka kwenye kioo, ikapanda ukingo, ikaingia kwenye rangi ya mfupa. Mkwaruzo urefu wa kidole. Nilikaa chini nikalia, Bi Placida. Kesho yake nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, ile ya fedha, nikaujaza. Toka siku ile nikaificha kalamu, na mgeni akija nasimama hapo hapo na kitambaa, nafuta, ili asione."

Placida hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa ametoa picha ya Juni, anaishika karibu na dirisha. Nyuma ya kiwiko cha Douglas Mutiso, jua likimpiga, ule unywele usiotoka ulianzia kwenye kioo, ukapinda kidogo kwenye ukingo, ukapanda juu ya uti wa mgongo wa gari. Uliwaka kuliko rangi iliyouzunguka, kwa sababu haukuwa rangi ya gari. Ulikuwa rangi ya kucha.

"Himid," alisema akiishusha picha. "Wewe ni mjinga. Mwenyezi Mungu akubariki kwa ujinga wako."

Saa tisa na robo alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari, tochi mdomoni, kioo cha kukuza mkononi. Namba ilikuwa pale chini, imejificha kwenye kivuli cha ukingo. Mkaguzi alitafuta gundi, Hitesh alitafuta gundi, yeye mwenyewe alitafuta kibao; nani angetafuta punje za mchele? Alikwangua kwa ukucha. Rangi ya fedha ikatoka vipande vipande, na mkwaruzo ukafunguka. Kwenye kioo, kwenye ukingo, kwenye mfupa. Alama ya mpindo mahali pale pale kama kwenye picha. Akapiga picha kumi na nne. Kisha akatafuta mahali pa kukaa, akashindwa, akazunguka gari mpaka saa kumi.

* * *

Douglas Mutiso aliingia na koti la klabu, nembo ya bendera mbili za kupishana kifuani, na manukato yaliyomtangulia hatua tatu. Konstebo Njeri alikuja nyuma yake na daftari. Himid alisimama ukutani, kitambaa chake cha kufutia mkononi. Hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya.

"Madam, tumalize haraka," alisema Douglas. "Klabu inakutana saa moja. Wananichagua leo."

"Hongera. Nina mambo mawili tu ya kuandika, kwa ajili ya faili." Placida alimpa kalamu, ya wino safari hii. "Hii picha ya Juni. Gari lililomo ni lako halisi, kabla halijabadilishwa?"

"Yenyewe. Angalia hiyo rangi! Nimefundisha wenzangu historia ya hii gari miaka mitano, madam. Siwezi kukosea yangu."

"Andika hapo chini, na saini."

Akaandika, akasaini kwa mbwembwe.

"Na hili lililo mbele yetu?"

"Takataka. Si yangu. Sijawahi kuigusa."

"Andika."

Douglas akaandika na hilo. Mkono wake ulikuwa mzito kidogo kuliko mara ya kwanza. Placida alimwona akikwepa kulitazama gari, akamhurumia kwa nusu dakika. Mtu amesimama mbele ya rafiki zake tisa wenye chai mkononi, anaambiwa kipenzi chake ni cha uongo, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa "limebadilishwa". Akishalitoa, angelirudisha vipi? Lakini kwa neno hilo mtu mwingine alikuwa anapelekwa kituoni.

"Himid," alisema Placida, "mweleze Bwana Mutiso ulichomfanyia Machi."

Himid alimtazama kwa hofu. Placida alitikisa kichwa kumkubalia. Himid alivuta pumzi, akapiga moyo konde, akaja mpaka nyuma ya gari na kuweka kidole.

"Hapa, bosi. Niliandika namba ili vioo visiibwe. Treni ikapita, mkono ukateleza. Nikakukwaruza kioo na mfupa. Nikaficha na rangi ya kucha. Naomba radhi."

Placida alimulika tochi. Bila rangi ya kucha, mkwaruzo ulionekana mweupe, mrefu, mbaya hasa, umepasua rangi ya fedha kutoka kwenye kioo hadi katikati ya uti wa mgongo. Douglas aliinama. Damu ilimpanda shingoni. Alinyoosha mkono, akaupitisha kidole kwenye ule mkwaruzo taratibu, kama mtu anayepapasa jeraha la mtoto wake, kisha akamgeukia Himid na kupaza sauti hadi ikagonga matao.

"Wewe! Umeharibu gari yangu? Gari yangu, wewe mshenzi! Nani alikupa ruhusa ushike gari yangu?"

Treni ilipita juu. Vikombe vya ofisini viligongana, vikatulia.

Placida aliiweka picha ya Juni juu ya kioo, kando ya mkwaruzo. "Kioo mtu anaweza kukihamisha, Bwana Mutiso, kutoka gari moja hadi jingine. Mkwaruzo unaotoka kwenye kioo ukaingia kwenye bodi hauhamishiki. Umesaini kwamba la kwenye picha ni lako. Tazama mpindo."

Douglas alinyooka. Akarekebisha koti, akamgeukia konstebo, na Kiingereza laini kikamtoka: alikuwa amepatwa na hasira, lugha ya nyumbani ina mambo yake, afisa asije akaelewa vibaya, alichomaanisha ni kwamba...

"Nimesikia," alisema Konstebo Njeri.

Alisema kwa Kiswahili. Kilitoka polepole, cha mtu anayevaa kiatu cha mama yake, na uso ukamwiva kidogo, lakini hakurudi nyuma.

"Umesema gari yangu. Mara tatu." Akafungua ukurasa mpya wa daftari. "Huyu amekwaruza gari. Kama unataka kumshtaki kwa hiyo, ni haki yako. Naandika sasa hivi. Lakini lazima niandike kwanza gari ni ya nani."

Kalamu yake ilisubiri juu ya karatasi. Douglas alimtazama yeye, akamtazama Placida, akalitazama gari. Himid alikuwa ameshainama bila kufikiri, anafuta kwa kitambaa chake unga wa rangi uliobaki kwenye mkwaruzo, taratibu, kama alivyofanya kila siku tangu Machi.

"Yangu," alisema Douglas.

"Sijasikia," alisema Njeri.

"Ni yangu. Ni ile ile. Haijawahi kubadilishwa."

Njeri aliandika. Himid alikaa chini sakafuni, mgongo wake kwenye gurudumu la nyuma, akafunika uso kwa kile kitambaa cheusi cha vumbi, na goti la Placida likatulia.